Azola kwa Mkulima wa Milimani

Azola inasifiwa sana siku hizi. Mkulima anaambiwa kwamba itajaza bwawa kwa wiki moja, kuku hawatahitaji tena chakula cha dukani, ng'ombe ataongeza maziwa na shamba litaachana na mbolea ya viwandani. Katika sifa hizo yamo ya kweli, na yamo yaliyotiwa chumvi nyingi. Kwa mtu wa Lushoto, Mgeta, Makete, Taita au Kabale, mwenye robo ekari iliyolala kwenye mteremko na maji yanayobebwa kwa ndoo, ni lazima ayatenganishe hayo mawili kabla hajashika jembe. Msimamo wangu ni kwamba azola inafaa milimani, lakini ni mboga ya kuku, si ugali wake. Anayeilima akiwa na matarajio hayo atafaidika nayo miaka mingi.

Azola ni mmea mdogo wa jamii ya kangaga unaoelea juu ya maji yaliyotulia. Weka mmoja kiganjani uutazame. Aina inayoonekana zaidi kwa wafugaji ina ukubwa wa ukucha na umbo la pembetatu. Vijani vyake vimepangana kama magamba, na tone la maji likidondoka juu yake huviringika na kuanguka bila kulowanisha. Chini inaning'inia mizizi myembamba isiyoshika udongo. Ndani ya kila kijani cha juu kuna uvungu usioonekana kwa macho, na humo wanaishi bakteria wa kijani-buluu wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuugawia mmea. Maharage nayo hunasa nitrojeni, ila mara nyingi huwapata bakteria wao udongoni. Azola huzaliwa nao, maana hupitishwa kutoka mmea mama hadi mmea mtoto. Ndiyo maana inaweza kujijenga protini nyingi katika maji yasiyo na nitrojeni kabisa.

Wakulima wa mpunga wa Vietnam na kusini mwa China wameitumia kwa karne nyingi kurutubisha majaruba, na huko hekta moja huweza kuongezewa kilo 30 hadi 60 za nitrojeni kwa msimu. Sisi wa milimani hatuna majaruba ya namna hiyo. Tulichonacho ni bwawa dogo lililotandikwa nailoni kando ya banda, mtindo uliopata umaarufu kwa wafugaji wadogo wa India. Mtindo huo unahamishika, lakini ulitengenezwa kwa nchi ya joto na ya tambarare. Milimani unakutana na mambo matatu ambayo maelezo mengi huyaruka: baridi, mteremko na upungufu wa fosforasi.

Tuanze na baridi. Azola hustawi vizuri kwenye joto la nyuzi 20 hadi 28 za Selsiasi. Katika hali hiyo huongezeka mara mbili kwa siku chache, mara nyingi chini ya wiki. Sasa, kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, na Kabale karibu mita 1,900. Mwezi Julai, asubuhi za huko, maji ya bwawa huwa baridi mno na azola husinyaa, hubadilika rangi kuwa ya hudhurungi na kukaa vilevile wiki nyingi. Kwa maoni yangu, chini ya mita 1,500 mtu ailime bila wasiwasi. Kati ya 1,500 na 2,000 ailime akijua kwamba miezi ya baridi ni ya kuilinda tu mbegu. Juu ya hapo, hasa panapoanguka jalidi kama uwanda wa Kitulo, jasho lake lina kazi nyingine bora zaidi.

Mahali pa bwawa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kusini mwa ikweta, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini. Basi mteremko unaotazama kaskazini hupata jua katika miezi ile ile ya baridi, wakati mteremko unaotazama kusini, hata ukiwa ng'ambo ya pili ya bonde, hupata jua kidogo zaidi. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua wa kaskazini. Epuka njia ya upepo, kwa sababu upepo huisukuma azola yote pembeni, inajibanana na kuoza huku nusu ya bwawa ikibaki wazi. Epuka pia sakafu ya bonde, kwani hewa baridi ya usiku hushuka na kulala huko. Juu ya bwawa weka kivuli chepesi cha neti au makuti kwa miezi ya joto, maana jua kali la mchana kutwa nalo huiunguza. Ukifika Mei, kiondoe kivuli hicho. Usiku wa baridi funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, uifunue asubuhi. Na kabla ya Juni kuingia, weka beseni moja la mbegu ndani ya banda au jikoni karibu na dirisha. Mtu mwenye beseni hilo hana haja ya kutafuta mbegu upya Septemba.

Jambo la pili ni mteremko. Bwawa la mita 2 kwa mita 1.5, lenye maji ya kina cha sentimita 12, lina lita 360, yaani kilo 360 za maji kabla hujahesabu udongo. Ukilichimba kwenye ukingo wa nje wa tuta, pale udongo ulipojazwa wakati wa kutengeneza ngazi, mvua ya masika ikilowanisha ardhi unaweza kuukuta ukingo wote umeporomokea kwenye migomba ya jirani. Chimba upande wa ndani, uliochongwa kwenye mlima, ambako ardhi ni ile ya asili isiyowahi kusogezwa. Urefu wa bwawa ufuate kontua na upana ndio uingie mlimani, hivyo utachonga udongo kidogo zaidi. Juu yake chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua, ili tope lisiingie bwawani. Hakikisha sakafu iko sawa kwa kutumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi ujenzi. Tofauti ya sentimita 8 tu kutoka pembe hadi pembe inatosha kuacha upande mmoja bila maji ya kutosha huku mwingine ukifurika.

Ukishachimba, ondoa mawe na mizizi, tandika magunia ya zamani, kisha nailoni nene juu yake bila matundu. Kingo zipande angalau sentimita 20 kutoka sakafuni. Tandaza kilo 10 hadi 15 za udongo uliochekechwa, koroga kilo 2 za samadi ya ng'ombe katika ndoo ya maji, mimina, kisha ongeza maji hadi kina cha sentimita 10 hadi 15. Acha siku mbili tatu yatulie. Halafu mwaga juu yake kilo 1 ya mbegu ya azola iliyo hai, inyunyizie maji kidogo isimame vizuri, na uiache. Mbegu ukiipata kwa mkulima mwingine, ikalishe kwanza kwenye beseni kwa wiki moja. Kagua konokono na vile viwavi vidogo vinavyojisokotea nyumba kwa vijani vyenyewe. Wadudu hao wakiingia bwawani hula usiku na mchana, na kuwatoa ni taabu.

Fosforasi inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo mabwawa mengi ya milimani hufia na wenyewe wakadhani mbegu ilikuwa mbovu. Nitrojeni azola hujipatia hewani. Fosforasi haipo hewani, lazima itoke majini. Udongo mwekundu wenye tindikali wa milima yetu huishika fosforasi kwa nguvu na kuitoa kwa ubahili, na maji ya chemchemi za mlimani huwa safi mno kiasi cha kukosa lishe. Azola ikikosa fosforasi hugeuka nyekundu au zambarau, hudumaa, na mizizi yake hurefuka. Tatizo ni kwamba baridi na jua kali nazo huleta wekundu. Ili kujua chanzo, chota azola nyekundu uiweke katika mabeseni mawili yenye maji yale yale, yakae pamoja. Katika moja tia kidogo mbolea ya fosforasi iitwayo TSP, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Baada ya wiki moja, beseni hilo likitoa vichipukizi vya kijani na lingine likabaki jekundu, bwawa lako lina njaa ya fosforasi. Yote mawili yakibaki mekundu, tafuta sababu katika hali ya hewa.

Kwa bwawa la ukubwa niliotaja, anza na gramu 10 hivi za TSP, karibu vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, zilizolowekwa usiku kucha na kukorogwa pamoja na samadi. Kisha ongeza kijiko kimoja kila wiki pamoja na kilo moja ya samadi iliyokorogwa majini. Usitumie DAP wala urea. Nitrojeni iliyomo hulisha mwani wa kijani unaotanda majini na kuishinda azola kwenye uwanja wake yenyewe. Wenye kupata mbolea ya Minjingu wanaweza kuitumia, ila ni mwamba uliosagwa na hutoa fosforasi polepole. Ichanganye na samadi mbichi kwenye rundo lenye unyevu kwa wiki kadhaa kabla ya kuipeleka bwawani. Samadi peke yake ina fosforasi pia, lakini ukiizidisha ili kufidia, maji hunuka, hukosa hewa na azola huoza kutoka chini.

Bwawa likijaa, vuna. Wengi husubiri lijae sana, na hilo ndilo linaloharibu. Azola iliyopandana tabaka juu ya tabaka hukosa mwanga na kushika ukungu. Vuna kwa chekeche, ukiacha kiasi kinachofunika zaidi ya nusu ya maji. Katika joto zuri unaweza kupata gramu 200 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Milimani, ukijumlisha mwaka mzima na miezi yake ya baridi, mimi ningeweka hesabu kwenye nusu yake. Suuza kwenye beseni mpaka harufu ya samadi iondoke, na maji ya kusuuzia yarudishe bwawani, kwani yamejaa vimea vidogo vitakavyokuwa mbegu ya kesho. Kila siku 10 punguza robo ya maji na kuongeza mapya, na kila miezi sita ondoa tope lote uanze upya.

Sasa hesabu, na naomba msomaji azifuate polepole. Azola mbichi ni maji kwa takriban asilimia 94. Kilo moja uliyovuna, ukiikausha, inabaki gramu 60. Robo hivi ya hizo ni protini, yaani gramu 15. Unaposikia kwamba azola ina asilimia 25 ya protini, hiyo ni ya azola kavu, na aliyekuambia hakukosea ila hakumaliza kusema. Kuku anayetaga vizuri anahitaji karibu gramu 18 za protini kwa siku. Kuku kumi ni gramu 180. Ukiwapa kilo moja na robo ya azola mbichi umewapa sehemu moja ya kumi tu ya mahitaji yao, na ili uvune hicho kila siku unahitaji mita 6 za mraba katika joto zuri, mita 12 katika hali yetu. Kwa ng'ombe ni finyu zaidi. Kilo 2 alizoshauriwa mfugaji ampe ng'ombe wake zina gramu 30 za protini, na lita moja ya maziwa peke yake ina zaidi ya hizo. Ng'ombe hawezi kuongeza maziwa mengi kwa kitu kidogo hivyo. Anayefuga ng'ombe apande kwanza mstari wa kaliandra kwenye kingo za matuta. Kilo 3 za majani yake mabichi hukadiriwa kuwa sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani, na mizizi yake hushika udongo. Wala mtu asing'oe mabingobingo au gwatemala ya kwenye kingo kwa kuwa amepata azola. Majani hayo yakiondoka, mlima utashuka.

Kwa nini basi bado naitetea? Kwa sababu ya ardhi. Mita moja ya mraba ya maharage, shamba likitoa tani 1 kwa hekta, hutoa gramu 100 za punje, zenye gramu 22 za protini kwa msimu. Mita moja ya bwawa, hata kwa kiwango cha nusu nilichoweka, hutoa zaidi ya gramu 500 za protini kwa mwaka. Maharage tutaendelea kuyalima, maana ni chakula chetu na azola si ya watu kula. Lakini kona ile ya nyuma ya banda, isiyotosha hata shina la mgomba, inaweza kuzaa protini ambayo hakuna zao lingine litakaloizaa hapo. Na protini yenyewe ina lisini nyingi, kiungo ambacho pumba za mahindi zinakikosa. Kuku wa kufungiwa milimani, ambaye kiangazi chote anadonoa pumba bila jani la kijani, hubadilika anapopata azola kila siku. Kiini cha yai hurudia rangi yake ya manjano iliyokolea, na wanunuzi wa mayai ya kienyeji huitafuta rangi hiyo.

Wape kidogo kidogo mwanzoni, ukiichanganya na pumba iliyoloweshwa, maana wengine huisusa siku za kwanza. Vifaranga chini ya wiki tatu wasipewe, kwa kuwa ina nyuzinyuzi nyingi kwa matumbo yao. Bata hawahitaji kubembelezwa, na nguruwe huipokea vizuri ikichanganywa na mabaki ya jikoni. Sato na perege nao huila. Bwawa la samaki milimani lina tatizo lake la baridi, kwa hiyo usilijenge kwa ajili ya azola tu.

Kuhusu mbolea nitasema machache. Tani nzima ya azola mbichi ina nitrojeni ya kilo 2.4 hivi, sawa na kilo 5 za urea. Bwawa la nyumbani halitafika huko kwa mwaka. Ilishe mifugo kwanza, kisha kinyesi chao kiende shambani pamoja na yale maji ya kila siku 10 na tope la kila miezi sita. Mchicha, sukuma wiki na karoti zilizo kwenye ngazi ya chini ya bwawa zitayapokea kwa mpira bila kubeba ndoo.

Kuna jambo ambalo sitalilegezea kamba, nalo ni mto. Milima tunayolima ndiyo matangi ya miji yetu. Uluguru hulisha Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Usambara Mashariki hulisha Sigi, na Sigi huinywesha Tanga. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanajua gugu maji lilivyofunga bandari na njia za wavuvi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Azola nayo imewahi kufanya hivyo. Huko Afrika Kusini, aina iitwayo Azolla filiculoides, yenye asili ya Amerika, ilionekana mwaka 1948 na baadaye ikafunika mabwawa mengi kwa zulia zito lililowazuia ng'ombe kunywa maji. Mwaka 1997 ilibidi waachie mbawakawa mdogo wa kuila, naye akaishinda vizuri. Aina hiyo ndiyo inayostahimili baridi kuliko nyingine, kwa hiyo ndiyo itakayomvutia zaidi mtu wa milimani. Ikatae. Afrika yetu ina aina zake, Azolla nilotica na Azolla pinnata ya Kiafrika. Muulize afisa ugani mbegu unayopewa ni ipi kabla hujaileta kijijini, na usiivushe mpakani.

Hata aina ya kwetu isipewe njia ya kutoka. Usijenge bwawa kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, wala karibu na kijito. Tundu la kutolea maji yanapofurika lipitie kwenye wavu wa matundu madogo, kisha liishie kwenye shimo lenye mchanga au shina la mgomba, kamwe lisiingie mtaroni. Azola ya ziada ianikwe juani mpaka ikauke kabisa au ifukiwe kwenye mboji. Maji ya bwawa yasitoke karibu na gereji wala kiwanda, kwa sababu mmea huu hunyonya madini mazito na kuyapitisha kwa kuku, na kutoka kwa kuku kwa mla mayai. Ikifunika maji yote, mbu hawapati pa kutagia. Ikipungua, mbu watarudi, kwa hiyo bwawa lililodumaa lisiachwe wiki nyingi hivyo hivyo. Na lizungushie uzio. Maji ya sentimita 12 yanatosha kumzamisha mtoto anayetambaa, na zulia la kijani humfanya adhani ni nyasi.

Wakati mzuri wa kuanza ni Septemba, baridi inapoisha na kabla mvua za vuli hazijafanya kazi ya kuchimba kuwa ya matope. Anza na bwawa moja la mita 3 za mraba na beseni moja la akiba. Pima kwa mizani unachovuna kila wiki, uandike. Ifikapo Desemba, kama bwawa linakupa angalau nusu kilo kwa siku na umeshajaribu fosforasi kwa yale mabeseni mawili, ongeza la pili kwenye ngazi inayofuata. Likikupa chini ya robo kilo katika miezi hiyo ya joto, eneo lako ni la baridi mno au lina kivuli mno. Kunja nailoni, tope lipeleke kwenye mboga, na kwenye kingo upande kaliandra.